Mayai ya Mwisho ya Mama Rusk

Mama Rusk hakuwa mtu wa kupendwa, na mimi sikumpenda. Naanza na hilo nisije nikalisahau huko mbele, maana kuna wiki tatu nilizompenda, na wiki hizo ndizo zilizoharibu kila kitu.

Alikaa peke yake katika nyumba ya magogo, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki ya theluji kutoka posta. Posta ya Sable Fork ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mwenye posta nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza chuo Fairbanks na kurudi nyumbani kwa sababu mjini niliwaogopa watu. Mama alinikabidhi muhuri, mizani na ufunguo, akaenda kupumzisha magoti yake kando ya jiko. Barabara hatuna. Tuna mto, na mto ukiganda ndege hutua juu ya barafu yake mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, hewa ikikubali. Vifurushi vya wazee nilivipeleka mwenyewe.

Nyumba zetu zina milango miwili, wa nje na wa ndani, na katikati kuna kachumba ka baridi ka kuzuia upepo. Ukileta mzigo ukamkosa mwenyewe, unauacha hapo kati ya milango. Huingii. Mlango wa ndani haufungwi kwa ufunguo, kwa ajili ya mtu aliyepotea au aliyetumbukia mtoni ambaye asipoota moto atakufa. Kama hufi, huingii.

Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia niliivunja sheria hiyo kwa Mama Rusk. Nilimpelekea dawa yake ya macho, nikaona itaganda, nikaingia nikaiweka mezani. Ijumaa iliyofuata alikuja posta wakati watu wamejaa wakisubiri barua.

"Nani kamfundisha huyu kuingia nyumba za watu kama panya?"

"Ilikuwa dawa, Mama Rusk. Niliogopa ita—"

"Uliogopa! We mtoto unaogopa kila kitu isipokuwa vitu vya wenzio. Haya, waambie watu uliona nini. Masufuria uliyafunua? Kitandani ulipachungulia?"

Watu walicheka. Burl Tackett, mtega wanyama wa manyoya ambaye hakuna aibu ya mtu iliyowahi kumpita bila kuionja, alicheka mpaka akakohoa. Nilienda nyuma ya rafu nikajifanya napanga vifurushi, nikakaa huko mpaka wa mwisho alipotoka.

Mama Rusk alikuwa na kuku. Tuseme kuku walikuwa wa Harlan, mumewe. Huku kuku wa kawaida hadumu: kile kinyama chekundu cha kichwani kinaganda, kinakuwa cheusi, kinadondoka, na jogoo anaacha kazi. Kwa miaka ishirini Harlan alichagua wale wenye kinyama kidogo zaidi, na katika hao, wale waliotaga hata Desemba ambapo jua halikai angani zaidi ya saa tatu kwa siku, wengine wote akawatia sufuriani. Mwishowe alipata kuku wa kijivu, wafupi, wenye manyoya mpaka kwenye vidole, na kichwani kijinyama kama punje ya dengu. Harlan alipofariki, Mama Rusk aliwatunza mwaka mmoja. Kisha usiku mmoja wa Oktoba kicheche mweupe alipata tundu la upana wa vidole viwili, akaua wote ishirini na watatu, akanywa damu kidogo shingoni kwa kila mmoja, akawaacha.

Asubuhi aliwapanga kwenye theluji mbele ya nyumba, mmoja mmoja, mabawa yamekunjwa. Burl alipita na pikipiki yake.

"Supu ya mwaka mzima hiyo, mama!" alipiga kelele.

Mama Rusk aliokota kipande cha kuni akakirusha, kikampata begani. Ni mara pekee niliyoona watu wa Sable Fork wakiwa upande wake.

Mbegu ya kuku wale ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani. Zamani Harlan alimpa mayai mama mmoja wa Montana, Iva Ostrander, naye akaendelea kuwafuga. Sasa Bi. Iva alikuwa na miaka sabini na minane, anahamia mjini kwa bintiye ambako kuku hawaruhusiwi. Alipiga simu posta mwezi Machi, nami nikamwita Mama Rusk aje aongee, kwani simu ilikuwa hiyo moja tu. Nilisikia yote, sauti ya yule bibi ilikuwa kubwa.

"Nakutumia kumi na mawili, Hedvig. Yatafika Ijumaa; siku ya saba, Ijumaa ya pili, yamulike kwa tochi. Ukiona ni matupu, nipigie Ijumaa hiyo hiyo, nitakutumia mengine. Jumamosi nawachinja wote. Baada ya hapo usinitafute, sina."

"Jumamosi huwezi kuisogeza mbele kidogo?"

"Mwenye lori la kuhamisha vyombo anakuja Jumapili, mpenzi. Nikupe nini tena, roho yangu?"

Mama Rusk alikata simu bila kuaga. "Bibi mpumbavu," alisema, akajifuta macho kwa glavu.

Mayai yalitegemewa Ijumaa. Dhoruba ikatangazwa, na Emmet, rubani wetu, akawahi kuja Alhamisi. Hakuna aliyemtarajia. Niliposikia mlio wa ndege nilikimbia mtoni peke yangu na begi la barua. Ilikuwa nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri. Emmet aliteremka polepole kama mjamzito, koti limetuna, akafungua zipu akatoa boksi tumboni mwake.

"Kipasha joto cha ndege kimekufa," alisema. "Nimeyaatamia mwenyewe saa mbili nzima. Yakianguliwa yataniita mama. Shika, shika, lina joto la tumbo langu."

Nilivua glavu nikaligusa. Lilikuwa la moto kama mkate uliotoka tanurini. Nililitia ndani ya koti langu, Emmet akanifunga zipu kwa mikono miwili, kwa uangalifu, akasema, "Nenda, Twyla, mama wa pili."

Nyumbani kwa Mama Rusk moshi ulikuwa ukitoka dohani. Nyayo zake zilielekea kwenye kuni nyuma ya nyumba. Niliita. Niliita tena. Nilifungua mlango wa nje, nikasimama mbele ya mlango wa ndani na mkono wangu kwenye kitasa, nikasikia sauti yake ikisema panya. Nikajiambia yuko kwenye kuni, dakika tano atakuwa amerudi. Nikaliweka boksi juu ya benchi, kati ya milango, nikaondoka.

Nilipanga barua. Nilipiga mihuri. Saa tatu baadaye nilikaa kula na Mama.

"Hedvig kayafurahia mayai yake?"

"Sikumkuta. Yuko kwenye kuni."

"Kuni gani? Burl kapita hapa saa ile, anasema kamwona huko juu kwenye mitego ya sungura. Yuko huko tangu asubuhi."

Sikumaliza kutafuna. Sikumbuki nilivyofika. Boksi lilikuwa pale pale juu ya benchi, limeota ukungu mweupe kwenye kingo. Safari hii niliingia. Nililiweka mezani, nikalifungua, nikatoa yai moja kwenye gazeti lake. Lilikuwa baridi na zito kama jiwe la mtoni. Nililishika kwa viganja viwili nikalipulizia pumzi. Kisha nikayatoa yote, nikayafuta, nikayarudisha, nikalifunika boksi kwa blanketi lake la kitandani na kulisogeza karibu na jiko, nikalikumbatia. Nilikaa hivyo karibu nusu saa. Nilikuwa bado nimelikumbatia mlango ulipofunguka.

Mama Rusk alisimama na sungura wawili mkononi, nyusi zimejaa barafu.

"Umeingia," alisema.

"Ndiyo."

"Ndege imekuja leo?"

"Ndiyo, Mama Rusk."

"Na we umeyaingiza ndani. Ukaona nitakutukana tena, bado ukayaingiza."

Hapo ndipo nafasi yangu ya kusema kweli ilipokuwa. Ilikuwa pana, mtu mzima angepita ndani yake bila kuinama. Aliwatupa sungura chini, akaja, akaweka vidole juu ya mayai, vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi visivyoweza kujua kitu.

"Asante, binti," alisema.

Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo, hata Harlan. Nikasema, "Si kitu."

Mashine yake ya kutotolea ilikuwa sanduku la mbao aliloliunda Harlan, taa ya mafuta chini na bakuli la maji ndani kwa ajili ya unyevu. Mayai yalikaa kwanza usiku mmoja, ncha chini, yatulie baada ya safari. Ijumaa aliyaingiza. Aliyachora kila moja alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ayageuze mara tatu kwa siku bila kukosea. Macho yake yalikuwa na ukungu, alama zenyewe alizichora kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Utakuja Ijumaa ijayo kunimulikia," alisema. "Mimi siwezi kuona mshipa."

Wiki hiyo nilisoma kila ukurasa wa kile kijitabu cha ufugaji kilichokuwa posta. Sikutafuta ushauri. Nilitafuta mahali palipoandikwa kwamba yai likiganda kidogo tu linaweza kupona. Hapakuwepo.

Ijumaa alikuwa ameshafunika madirisha kwa mablanketi. Alikuwa amekata tundu kwenye kopo la kahawa, tochi ndani. Yai lenye uhai siku ya saba linaonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama miguu ya buibui, na katikati doa jeusi linalotikisika. Niliweka la kwanza kwenye tundu. Njano tupu. Nilipoligeuza, kivuli kimoja kizito kilibingirika ndani polepole, kikagonga upande, kikatulia. La pili hivyo hivyo. La tano lilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, nikaugeuzia upande wangu. Niliyamulika yote kumi na mawili. Mama Rusk alikaa kwenye giza pembeni yangu, mikono mapajani, nikawa nasikia pumzi zake.

"Enhe?"

Nililirudisha la mwisho kwenye mashine.

"Sema basi, we mtoto, usinitie kiwewe. Iva anasubiri simu. Ni matupu?"

Kama ningesema ni matupu, angeuliza kwa nini yote. Yai moja au mawili kuwa tupu ni bahati mbaya. Kumi na mawili ni mkono wa mtu.

"Naona mishipa," nilisema.

"Mangapi?"

"Tisa."

Sijui kwa nini tisa. Nafikiri kumi na mawili niliona ni uongo mno.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuielewa mara moja. Mama Rusk alikuwa akicheka, kicheko kidogo cha mtu asiyejua pa kukiweka. Alinishika mkono kwenye giza. "Tisa," alisema. "Harlan hakuwahi kuvusha tisa kwa mashine hii. Twende tukampigie yule bibi mpumbavu."

Simu niliipiga mimi. Bi. Iva alishangilia kule Montana. "Tisa! Basi nawachinja bila kinyongo. Nilikuwa nimeshafunga mengine kumi na mawili kwenye karatasi, yako hapa mezani. Nitayapika keki ya kuagia. Mwambie Hedvig ampe mmoja jina langu, yule mnene."

Nilimwambia. Mama Rusk akasema mnene atakuwa jogoo na ataitwa Iva hivyo hivyo.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilienda kila siku baada ya kufunga posta. Alinipikia supu ya sungura, akanifundisha kuumua mkate kwa chachu ya Harlan iliyokuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Alikuwa na ulimi mkali vile vile, ila sasa uligeukia watu wengine, nami nilikuwa nacheka. Nilijua mambo ya Burl ambayo Burl mwenyewe hayajui. Siku ya kumi aliniita mwanangu. Siku ya kumi na mbili alinionyesha banda dogo alilotengeneza kwa ajili ya vifaranga, ameziba kila tundu kwa bati, amepapasa kwa vidole kwa kuwa macho hayamsaidii, na kucha mbili zimetoka.

"Kicheche aje sasa," alisema. "Aje aone."

Nilimpaka dawa kwenye vidole. Nilikuwa na moyo wa kumpaka dawa.

Posta nako watu walikuwa wameanza kuwekeana dau vitatoka vifaranga wangapi, kama wanavyowekeana kwa siku ya barafu kuvunjika, mzigo mmoja wa kuni kwa mtu. Burl aliweka sifuri.

"Sifuri?" Mama Rusk alimwambia mbele ya wote. "Mtoto wa chuo kaona tisa kwa macho yake."

"Twyla kaona? Twyla akimwona dubu anamwomba samahani. Huyo ukimwambia sema kumi anasema kumi."

"We Burl, ungekuwa yai ungekuwa tupu siku ya kwanza."

Watu waliangua kicheko. Mama Rusk alinitazama akinikonyeza, nami nikacheka pamoja nao, na Burl akanitazama mimi, siyo yeye, kwa muda kidogo.

Siku ya kumi na nane mayai hayageuzwi tena. Mama Rusk alihamishia kiti chake kando ya mashine. Jumatano nilimkuta ameinama, sikio liko juu ya kifuniko.

"Njoo," alininong'oneza. "Namsikia mmoja. Anagonga."

Niliweka sikio langu karibu na lake. Taa ya mafuta ilikuwa inatoa mlio mdogo wa utambi, tik, tik.

"Unamsikia?"

"Namsikia," nilisema.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Ijumaa. Ikapita. Jumamosi alisema baridi inachelewesha. Jumapili hakupika, na aliponiambia nikalale nyumbani nilikataa, nikalala kwenye sakafu yake nikisikiliza utambi.

Jumatatu asubuhi alileta sahani nyeupe mezani. Alichukua yai lenye msalaba mkubwa kuliko yote akalivunja ukingoni. Ute ulitoka kama maji. Kiini kikaanguka kizima, hakikupasuka, kikabingirika sahanini kama mpira hadi kikagonga ukingo. Alikigusa kwa kijiko. Kilinesa.

Hakuna mtu wa kwetu asiyelijua hilo. Kila nyumba imewahi kuletewa mayai yaliyoganda njiani, na watoto hucheza na viini vyake kabla ya kugombezwa. Yai lililooza halifanyi hivyo, wala lile lisilo na mbegu ya jogoo. Ni kuganda tu.

Alivunja la pili, la tatu. Alivunja yote kumi na mawili, bila haraka, na viini kumi na viwili vikawa vinagongana kwenye sahani.

"Yaliganda kabla hayajafika," alisema.

Nilifungua mdomo.

"We uliyaingiza ndani. Uliyakumbatia. Hapa hayakugandia." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayetembea juu ya barafu asiyoiamini. "Na ile mishipa uliyoiona..."

"Nilifikiri ni mishipa," nilisema.

"Ulifikiri. Hujawahi kuona, ungejuaje? Ni mimi niliyekuuliza mtoto." Alisukuma sahani pembeni. "Ni Emmet. Kayatupa nyuma na vyuma vya watu, kayaacha yagande, na akaleta boksi huku anacheka."

Jumanne posta ilijaa. Barafu ya mto ilikuwa imeanza kulowa juu, na kila mtu alijua ndege zilizobaki ni moja au mbili kabla mto haujafunguka. Emmet aliingia na begi begani, akipiga buti zake mlangoni.

"Haya, wanangu wako wapi?" alimuuliza Mama Rusk. "Wameshaanza kumuulizia mama yao?"

Mama Rusk alimpiga kofi. Glavu ilikuwa mkononi, haikuwa na mlio mkubwa. Aliyoyasema baada ya hapo ndiyo yaliyokuwa na mlio. Alimwita mzembe, mlevi, ingawa Emmet hanywi. Alisema Harlan alifanya kazi miaka ishirini na yeye ameiua kwa saa mbili. Alisema hata mama yake mzazi hakuwa na haja ya kumwatamia mtu kama yeye. Watu walisikiliza. Mwanzo mmoja wawili walicheka, kisha hakuna aliyecheka.

"Mama Rusk, nisikilize," Emmet alisema. Shavu lilikuwa jekundu. "Nililibeba tumboni. Ndani ya koti, kwenye ngozi yangu. Naapa."

"Uongo."

"Twyla yupo! Nilimpa mkononi. Alivua glavu akaligusa, lilikuwa la moto." Alinigeukia, na usoni mwake palikuwa na nafuu, maana alijua jambo limekwisha. "Twyla, waambie."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nyuma ya meza, muhuri mkononi. Mama Rusk alinitazama kwa macho yake ya ukungu, na sikuona hasira ndani yake, niliona kwamba ananitegemea. Nilijua nikisema lilikuwa la moto, swali linalofuata ni moja tu, na jibu lake ni saa tatu juu ya benchi, na baada ya jibu hilo ni Ijumaa ile ya kopo la kahawa, na mayai kumi na mawili ya Bi. Iva yaliyokuwa yamefungwa tayari mezani.

"Lilikuwa baridi," nilisema.

Sikuinua sauti. Sijawahi kuinua sauti. Ndiyo maana waliniamini.

"Twyla," alisema Emmet.

"Lilikuwa baridi nilipolipokea. Sikutaka kumsema."

Burl Tackett alitikisa kichwa. "Sikutaka kumsema," alirudia. "Yule mtoto hata nzi hawezi kumsema. We Emmet, toka nje kabla sijakutoa."

Emmet alitazama watu, mmoja mmoja, kama anayehesabu waliobaki. Akaweka begi chini akatoka.

Alhamisi Mama Rusk alikuja akaniomba nimwandikie Bi. Iva barua, kwani macho yake hayakuweza kufuata mistari. Alisema maneno nikaandika kwa mwandiko wangu wa chuo: kwamba mayai yaliganda kwenye ndege kwa uzembe wa rubani, jina lake hili, kwamba hakuna kuku tena wa Harlan popote, na kwamba Bi. Iva asijilaumu. Machozi yangu yalidondokea karatasi, ikabidi niandike upya.

"Usilie, mwanangu," alisema, akanipapasa kichwa. "Wewe peke yako ndiye uliyejaribu."

Aliweka sahihi. Niliibandika stempu, nikapiga muhuri, nikaitia kwenye begi.

Ijumaa nilipeleka begi mtoni. Maji yalikuwa yamesimama juu ya barafu, buti zililowa. Zamani watu walikuwa wanamletea Emmet kahawa na kumwagiza vitu vidogo vya mjini. Siku hiyo alikuwa amesimama peke yake chini ya bawa na chupa yake ya chai. Alipokea begi, akalipima kwenye mizani ya mkono, akaandika uzito kwenye daftari lake.

"Ni barua tu?"

"Barua tu."

Hakuondoka. Alitazama mto, kisha akanitazama.

"Tuko wawili tu hapa," alisema. "Sitamwambia mtu, na siji kukulaumu. Nataka kujua tu, maana silali. Nafanya kazi hii miaka tisa. Nakumbuka joto lake hapa." Aliweka kiganja tumboni. "Lakini pengine nakumbuka joto langu mwenyewe. Mtu akiwa na baridi sana mwili unamdanganya, siyo? Boksi lilikuwaje, Twyla? Niambie kweli."

Alikuwa ananiomba, na nilimhurumia. Nilimhurumia kwelikweli.

"Lilikuwa baridi, Emmet," nilisema kwa upole. "Pole."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Basi ni mimi," alisema. Alifunga koti lake mpaka kidevuni, akachukua begi, akapanda.